V8 ya pwani ya kusini: mwongozo kamili wa kulipamba na kuliongezea nguvu gari la kifahari ukiwa Mtwara au Lindi

Mtu akishanunua Land Cruiser 200, ile ambayo sote tunaiita V8, kitu cha kwanza anachotaka kubadilisha ni sura. Anataka shoo mpya (wavu wa mbele ya gari), rimu kubwa, taa kali na tinti. Namwelewa kabisa. Gari ni zuri, na mwenye nalo ana haki ya kulitaka liwe zuri zaidi. Lakini Mtwara na Lindi zina mambo yake. Upepo wa bahari unabeba chumvi mchana kutwa, Msimbati kuna mchanga unaoingia kila tundu, njia ya Newala ina vumbi jekundu, na msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, unga wa salfa unaelea hewani kuanzia Naliendele mpaka Tandahimba. Gari lililopambwa bila kuyafikiria haya hupendeza miezi sita, kisha linaanza kuota kutu kwenye kingo na kupiga kelele kwenye miguu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini ya gari na kupanda juu. Rangi na shoo tutazifikia, ila mwishoni.

Natumia Land Cruiser 200 kama mfano kwa sababu ndilo shangingi ninalolijua kwa kulala chini yake. Mwenye Lexus LX 570, Prado, Range Rover au X5 afuate mpangilio uleule, ila vipimo atafute vya gari lake.

Kwanza lijue gari lako

Tafuta kibati cha utambulisho cha gari, ukisome. Toleo la 200 lilianza 2007 na kukoma 2021, na katikati lilibadilishwa sura mara mbili, 2012 na 2015. Yaliyouzwa Japani yote ni ya petroli: mwanzoni injini ya 2UZ-FE ya lita 4.7 yenye gia tano, kisha kuanzia 2009 ikaja 1UR-FE ya lita 4.6 yenye gia sita. Ya dizeli yana 1VD-FTV ya lita 4.5 yenye tabo (turbo) mbili za kusukuma hewa, na mengi ya hayo tunayapata kutoka kwa wakala, kwenye minada ya serikali na mashirika, au Uingereza.

Usilichukulie jambo hili kijuujuu. Programu za kuongeza nguvu ambazo watu husimuliana ni za dizeli yenye tabo. Mwenye petroli akilipa fedha ileile hapati kitu cha maana, nami nitaeleza sababu mbele. Tena 2UZ inatumia mkanda wa taimingi. Kama hujui ulibadilishwa lini, huo ndio unaotangulia kabla ya urembo wa aina yoyote.

Kisha inama uchungulie kwenye stabiliza ya mbele na ya nyuma, zile fito za chuma zinazozuia gari lisilale kwenye kona. Ukiona silinda ndogo za haidroliki zimeshikana nazo, gari lako lina mfumo wa KDSS, na fundi wa springi lazima aambiwe kabla hajashika spana.

Karatasi nazo usizisahau. Kadi ya gari imeandikwa rangi na namba ya injini. Ukibadilisha kimojawapo, nenda TRA kadi isahihishwe, maana gari jeusi lenye kadi ya gari jeupe litakuchelewesha kila utakaposimamishwa. Na kama una bima kubwa, waandikie kampuni yako ya bima kila ulichoongeza, rimu, programu, ngao ya mbele, vyote. Ajali ikitokea ndipo watu hugundua kwamba kitu kisichotajwa hakilipwi.

Kuhusu bajeti, ushauri wangu ni huu: katika kila shilingi kumi utakayotenga, nne ziende kwenye kutu, breki na miguu, tatu kwenye rimu na tairi, moja kwenye injini, na mbili zibaki kwa sura. Najua wengi wanapanga kinyume.

Chini ya gari: fedha ya kwanza iende hapa

Chasisi ya V8 ni mabomba ya mstatili yenye matundu. Maji ya bahari, matope na mchanga huingia humo na kukaa. Nje unaweza kuona rangi nyeusi safi kabisa huku ndani chuma kinaliwa taratibu.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Pandisha gari kwenye shimo au jeki stendi nne imara. Chukua mpira wa maji baridi ya kawaida, uingize kwenye tundu la nyuma la chasisi, ufungue maji kwa nguvu ya wastani. Mwanzoni yatatoka mbele yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Baada ya dakika chache zitaanza kutoka punje za mchanga, halafu magamba membamba ya kutu, mengine mapana kama ukucha. Usikome hapo. Endelea mpaka maji yawe meupe. Mimi huwa nachovya kidole kwenye tone la mwisho na kulionja. Kama bado lina ladha ya chumvi, mpira unarudi ndani. Fanya upande wa pili vilevile, kisha matao ya tairi, juu ya tangi la mafuta, na ndani ya bampa ya nyuma, sehemu ambayo mchanga wa Msimbati hupenda kujificha.

Liache likauke juani siku mbili nzima. Kupaka kitu chochote juu ya unyevu ni kuufungia adui ndani. Baada ya hapo kwangua kutu kwa brashi ya waya, paka dawa ya kugeuza kutu, kisha praima yenye zinki, kisha rangi ya chasisi. Ndani ya matundu pulizia nta maalumu ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, ile inayobaki laini na kujipenyeza kwenye viungio.

Kuna mazoea mawili ninayoyapinga kwa moyo wote. La kwanza ni kupaka lami nzito chini ya gari zima. Lami ikikauka inapasuka, maji ya chumvi yanaingia kwenye ufa, na kutu inakula kwa raha huku wewe unaona weusi mzuri. La pili ni kupuliza oili chafu. Inazuia kutu kwa muda, kweli, lakini inavimbisha na kuozesha bushi na raba zote za miguu, inakusanya vumbi, na iliyobaki inadondoka kwenye ardhi tunayochimba visima. Nta inauzwa ghali kuliko oili chafu, nami nasema inunue.

Rudia nta kila mwaka, mwezi wa tano au wa sita, mvua zikishakatika.

Breki na springi

Gari hili tupu lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Ukiongeza rimu nzito, ngao ya mbele, keria na nguvu ya injini, breki zilezile zinabeba mzigo mpya. Pima unene wa diski, badilisha pedi kwa zenye ubora, na umwage mafuta ya breki ya zamani yote. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Yakishalowa huchemka mapema, na pedeli inazama mguuni wakati unateremka. Kila baada ya miaka miwili weka mapya.

Kwenye kupandisha gari, sentimita tano zinatosha. Miguu ya mbele ya V8 inajitegemea kila upande, na ukizidisha hapo sivijointi (viungio vya ekseli za mbele) zinafanya kazi kwa pembe kali, raba zake zinachanika, na wishiboni za juu za kiwandani (mikono inayoshika tairi) haziwezi tena kurudisha vipimo vya tairi. Ukipandisha, kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, inapungua. Dalili yake utaiona ukifika kilomita 90 kwa saa: usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kama ngalawa isiyo na usukani. Kwa hiyo alaimenti baada ya springi ni lazima, na fundi akupe karatasi yenye vipimo vya kasta na kemba (mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje), si neno la mdomo.

Chagua springi kwa uzito unaoubeba kila siku. Springi za kubeba kilo 400 kwenye gari linalozunguka na mtu mmoja Shangani hadi Ligula zitakurusha kwenye kila tuta. Shokapu zinunuliwe pamoja na springi zake, seti moja.

Kwa wenye KDSS: kabla ya kufungua stabiliza au springi, skrubu mbili za vali zilizo kwenye chasisi zilegezwe mizunguko miwili hadi mitatu ili presha isawazike. Zinakazwa tena gari likiwa limesimama tambarare kwa tairi zote nne. Fundi asiyejua hili atakuachia gari lililoinama upande, na utaambiwa springi ni mbovu.

Rimu na tairi

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

V8 ya 200 ina nati tano, duara la mm 150, tundu la katikati la mm 110, na ofseti ya +60, yaani umbali wa mm 60 kutoka katikati ya rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari. Prado ina nati sita, duara la mm 139.7, kwa hiyo usikubali mtu akuambie rimu za Prado zinaingia kwa spesa ya kugeuza matundu. Ofseti nayo ina maana: ukinunua rimu yenye +25, tairi inatoka nje mm 35 zaidi. Inaonekana nene na ya kibabe, lakini bearing zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na matope yote yanarushwa kwenye milango.

Sasa hesabu ya tairi. Ya kiwandani ya 285/60R18 (upana mm 285, ukuta asilimia 60 ya upana, rimu ya inchi 18) ina kimo cha mm 799, na ukuta wa pembeni wa mm 171. Ukienda 285/50R20, kimo ni mm 793 na ukuta mm 142. Ukienda 285/40R22, kimo ni mm 787 lakini ukuta umebaki mm 114. Ukuta huo ndio mto kati ya rimu na shimo la barabara. Wengine wanaweka 285/45R22 ili kupata mm 128, na hapo kimo kinapanda kufika mm 815, yaani spidi mita ikionyesha 100 wewe uko 102.

Mimi niliweka rimu za inchi 22 zenye tairi za 285/40. Gari lilikuwa zuri mno, siwezi kukataa. Jioni moja nikitoka Masasi, nimeshapita Nyangao naelekea Mtama, niliingia kwenye shimo ambalo kwa tairi ya 18 ningelisikia tu kama kishindo. Rimu ya mbele kushoto ilipinda mdomo wa ndani, na tairi ikaota uvimbe ubavuni wenye ukubwa wa embe dodo. Spea ilikuwa ya 18, ikafungwa, nikafika nyumbani kwa mwendo wa pole. Tairi ya 22 sikuipata Masasi wala Lindi wala Mtwara. Nilisubiri iletwe kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nilipoipeleka rimu kwa fundi wa kunyoosha aligeuza upande wa ndani akanionyesha: hakukuwa na mhuri wowote wa uzito. Aliyeniuzia alinihakikishia ni halisi, nami sikuwa nimegeuza kuangalia.

Kwa hiyo geuza. Rimu nzuri ina alama ya ubora ya Kijapani ya JWL au VIA, na imeandikwa uzito wa juu inaobeba. Kwenye tairi angalia namba inayofuata kipimo: 116 ni kilo 1,250 kwa tairi moja, 114 ni kilo 1,180, 110 ni kilo 1,060. Tairi za 22 nyingi zina 110, na ukipakia familia na magunia ya korosho uko karibu na ukingo. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa joto letu tairi iliyokaa dukani miaka minne siinunui, hata kama ina vinywele vyake vyote.

Uamuzi wangu baada ya yote hayo: 18 kwa anayekwenda Newala, Tandahimba au Kilwa mara kwa mara. 20 kwa anayetaka urembo na bado anasafiri. 22 nampa yule ambaye gari lake halivuki Mikindani. Na mpenda Msimbati akumbuke kwamba kwenye mchanga unapunguza upepo hadi psi 18 au 20 ili tairi itandazike. Tairi yenye ukuta mfupi haina cha kutandaza, na rimu itagusa chini.

Nati za kiwandani zina wosha bapa. Rimu nyingi za dukani zinataka nati zenye kichwa cha mteremko, uzi uleule wa M14 kwa 1.5. Ukichanganya, nati inashika ukingo tu na italegea. Kama tundu la katikati ni kubwa kuliko mm 110, weka pete ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya balansi.

Injini: anza na hewa

Toa kifuniko cha chujio la hewa. Usilitazame chujio, kila mtu analitazama chujio. Pitisha kidole safi ndani ya bomba la upande wa pili, ule unaokwenda injini. Kidole kikitoka na unga mwekundu, au ule wa njano wa salfa, acha mipango yote ya nguvu mpaka uzibe njia hiyo. Vumbi linapita kwenye ukingo wa chujio, si katikati yake, na likifika kwenye tabo na silinda linafanya kazi ya msasa. Paka grisi nyembamba kwenye raba ya ukingo, hakikisha klipu zote zinabana, na utumie chujio la karatasi la kiwandani. Yale ya pamba yenye oili yanapitisha hewa zaidi kidogo, lakini oili yake huweza kuchafua sensa ya hewa, na kwa mazingira yetu siyapendekezi.

Snokeli, bomba la kuvuta hewa kutoka usawa wa paa, ni nyongeza nzuri kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaiwaza kwa ajili ya mito. Kwetu faida yake ya kila siku ni kunyonya hewa iliyo juu ya wingu la vumbi unapofuatana na fuso. Ila viungio vyake vyote chini ya madigadi vizibwe kwa silikoni. Snokeli isiyozibwa ni urembo unaopitisha vumbi.

Hewa ikishakuwa safi, tuzungumze nguvu. Utauziwa vitu vya aina tatu, na bei zake zinafanana kiasi cha kuchanganya.

Kuna kiboksi cha pedeli. Hiki kinabadilisha tu jinsi pedeli inavyoiambia kompyuta. Gari linaruka haraka ukigusa, lakini nguvu haijaongezeka hata kidogo.

Kuna kiboksi kinachochomekwa kwenye sensa ya presha ya dizeli. Kinaidanganya kompyuta kwamba presha iko chini, nayo inaipandisha. Nguvu inaongezeka kweli, lakini kompyuta haijui kinachoendelea, na pampu na nozeli zinafanya kazi juu ya kiwango muda wote. Nozeli za 1VD ni nane, na kila moja ina bei yake. Mimi sikiweki.

La tatu ni kuandika upya programu ya kontroli boksi yenyewe, yaani kompyuta ya injini. Kwa 1VD yenye afya, inayotoka kiwandani na msokoto wa Nm 650, ongezeko la asilimia 15 ni la busara. Fundi mzuri atapima kwanza: atasoma makosa yaliyohifadhiwa, masahihisho ya kila nozeli, presha ya tabo, na mabomba ya hewa kama yanavuja. Akikaa tu na laptopu na kuanza kuandika, simama uondoke. Mwombe asiongeze msukumo mkubwa kwenye mizunguko ya chini, kwa sababu giaboksi ndilo litakaloteleza na kuchemsha oili yake. Mwombe pia nakala ya programu ya mwanzo, uihifadhi kwenye flashi nyumbani. Na fungisha geji ya joto la moshi; ukipanda uwanda wa juu wa Makonde kwenda Newala umejaza watu, sipendi kuiona ikikaa juu ya nyuzi 700 kabla ya tabo.

Kwa petroli isiyo na tabo, silinda inavuta hewa ileile ya siku zote, na programu haiwezi kuongeza hewa ambayo haipo. Weka plagi mpya, safisha throto, badilisha oili ya giaboksi, na fedha iliyobaki ipeleke kwenye breki. Utaona tofauti kubwa kuliko ya programu.

Chujio la dizeli lina sehemu ya kutenganisha maji. Ikamue kila mwezi, hasa wakati wa mvua.

Taa na umeme

Taa ya ziada ya wati 180 kwenye volti 12 inavuta ampea 15. Haiwezi kupita kwenye waya wa taa za kawaida. Inahitaji waya wake kutoka kwenye betri, fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Hilo karibu kila fundi umeme analijua. Asilolizingatia wengi ni chumvi. Kata waya wa kawaida uliokaa mwaka mmoja chini ya bampa ya gari la Mikindani, uuchune: shaba imegeuka kijani kibichi, unga unadondoka, na ukijani umepanda ndani ya mpira kiasi cha kiganja. Taa inawaka kwa unyonge na wewe unalaumu balbu. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, na kila kiungio kivishwe mrija wenye gundi ndani, ule unaosinyaa kwa joto. Selotepu ya umeme haifai huku.

Balbu za LED kwenye taa zilizotengenezwa kwa balbu za kawaida hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Bodaboda wetu wengi wanatembea usiku bila helmeti yenye kioo, wafikirie. Taa ndefu ya LED izimwe ukiwa barabara kuu. Vimulimuli na ving'ora ni vya magari ya dharura, usiviweke.

Sura na rangi

Kugeuza V8 ya 2008 iwe na sura ya 2016 kunawezekana na kunapendeza. Lakini si bampa na shoo tu. Unahitaji boneti, madigadi mbili za mbele, taa, shoo, bampa, vishikio vyake vyote, na nyuma taa na bampa, la sivyo gari linakuwa na uso wa kijana na kisogo cha mzee. Chagua bampa za plastiki laini inayopinda. Za fiba zinapasuka kwa jiwe moja. Chuma kilicho nyuma ya bampa kisikatwe hata kama kifurushi cha vipande vipya hakikai vizuri, kwa sababu ndicho kinachopokea pigo, na sensa za mifuko ya hewa zimepangwa kwa kukitegemea.

Kila kipande kifungwe kikavu kwanza, kabla ya rangi. Angalia nafasi kati ya boneti na madigadi: kijiti cha kiberiti kipite sawasawa kutoka mbele hadi kwenye kioo. Kikibana sehemu moja na kulegea nyingine, rekebisha sasa. Ukishapiga rangi, kila marekebisho ni mkwaruzo.

Namba ya rangi iko kwenye kibati. Ile nyeupe inayometa, 070, hupigwa hatua tatu: rangi ya chini, lulu, kisha klia (tabaka la juu lisilo na rangi). Fundi akikuambia atapiga "nyeupe tu, hutaona tofauti", utaiona siku ya kwanza juani. Muda mzuri ni baada ya masika, hewa ikiwa kavu. Nakumbuka fundi rangi wangu, mtu mzima wa Chikongola, alivyoangalia mawingu asubuhi akaweka bunduki yake chini. "Mzee, gari hii nikiipiga leo klia itaota ukungu. Nenda kapumzike, nitakupigia." Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa na harusi ya ndugu Jumamosi. Nilikwenda harusini na gari lenye praima. Rangi ile ina miaka sita sasa na bado inameta. Mwenye fundi wa namna hiyo amshike.

Sakafu ya banda imwagiwe maji kabla ya kupiga ili vumbi litulie. Kromu nyingi za dukani hubanduka kwa jua na chumvi. Shoo nyeusi inayong'aa inadumu zaidi. Bolti za keria zipakwe grisi, kwa sababu chuma na aluminiamu vikikutana kwenye chumvi vinaliana.

Tinti: chukua inayozuia joto, kioo cha mbele kibaki wazi. Ndani, kava za viti zisizibe mifuko ya hewa ya ubavuni, na skrini kubwa iunganishwe isiwe inanyonya betri usiku. Mengine ni ladha yako.

Safari ya kujaribu

Kabla ya kumlipa mtu fedha ya mwisho, lipakie gari kama unavyolipakia kawaida, utoke Mtwara hadi Mingoyo na kurudi. Zima redio. Sikiliza tairi ikigusa madigadi ukikata kona, mlio wa bushi kwenye matuta ya Mikindani, usukani ukitetemeka kati ya 80 na 100 pale barabara inaporuhusu. Ukifika Mingoyo shuka, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ina breki inayoshika. Angalia oili chini ya giaboksi na difu. Ukirudi, acha rimu zipoe, kisha kaza nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, karibu Nm 130, kwa mtindo wa nyota. Rudia baada ya kilomita 100, na tena baada ya 1,000, uandike tarehe na kilomita kwenye daftari linalokaa ndani ya gari.